Maua ya Uani

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu ni kuongeza maji kwenye beseni la magugumaji, yale yenye maua ya zambarau, uani kwetu Kibaoni. Baada ya arobaini, mama jirani alikuja na ndoo.

"Shikamoo baba. Naomba shina moja nipande bwawani kwangu, nimkumbuke mama."

Nilimkatalia, nikamweleza sababu. Masika bwawa lake hufurika hadi mto Lumemo, na magugu hayo yakiingia mtoni, wavuvi hukosa pa kutega nyavu.

Aliigeuza ndoo, akaikalia.

"Kumbe ni balaa! Sasa ya kwako unayatunza ya nini, baba?"

Wasomaji, magugu mengi yanayovamia mito huanza kama maua ya mtu fulani.

Asubuhi iliyofuata niliyatoa yote besenini, nikayaanika juu ya bati mpaka yakanyauka.