Nilivyotafuta akili na furaha kwenye kopo, Gungu

Wakuu, poleni na majukumu. Hapa sitii chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi wanaingia kwa wingi, mimi mtoto wa Moshi nilikuwa mtumishi Kigoma, nimepanga Gungu. Nilishafeli interview ya kupanda cheo mara mbili. Raha ikaniisha: silali, naongea peke yangu, nasahau hadi jina la bosi. Wife akaanza kuniogopa.

Ofisini kulikuwa na jamaa tukimwita Prof, maana kila ugonjwa alishausoma mtandaoni. Nikamweleza.

"Unakula nini?"

"Samaki wa ziwani, migebuka, kila siku."

"Hiyo ya kienyeji. Ubongo unataka formula."

Akaniuzia kopo lisilo na lebo. Ndani kitu laini cha kahawia, kitamu balaa. Akasema vijiko vitatu kwa siku, stress kwisha, akili inafunguka.

Wakuu, ilifanya kazi! Nikalala. Nikacheka. Suruali zikakataa kufunga, nikasema hiyo ndiyo confidence. Nikawa nawashauri hadi bodaboda wa kijiweni kuhusu afya ya ubongo, na hakuna aliyeniomba.

Wiki moja kabla ya interview ya tatu nikatumwa kikazi kwenye kambi ya wakimbizi. Kwenye hema la lishe nikamkuta mama Mrundi anamlisha mwanaye, katoto mbavu nje. Akachana pakiti. Harufu ile ile. Nikachungulia, rangi ile ile.

Nikamuuliza nesi ni kitu gani.

"Chakula cha watoto wenye utapiamlo. Kuna watu wanatorosha pakiti hizi kwenda mjini. Sijui huko anazila nani."

Nikavuta tumbo ndani, likagoma.

Yule mama akaona nilivyokodoa macho. "Yoo, mzee, una njaa? Onja kidogo, huyu hamalizi." Akaninyooshea pakiti ya mwanaye.

Nilikimbilia kwenye gari nikalia. Mtu mzima, na tai shingoni.

Interview nikafeli tena. Baadaye nilimwona daktari wa kweli, tukaongea, nikapona taratibu.

Funzo: huzuni ni ugonjwa, ipeleke hospitali. Na kabla hujameza kitu, uliza kimetoka mdomoni mwa nani.

Prof nilimfuata nikamfokea mbele ya watu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Lakini si ulikuwa unalala vizuri?"

Wakuu, nyie mngemjibuje?