Kisu Changu, Muhuri wa Naftali

Nilitoka Kondoa asubuhi moja bila kumuaga mtu na bila kujua ninakokwenda. Njiani nilikuta lori la vitunguu limesimama, utingo akaniuliza naelekea wapi, nikamjibu, "Huko mnakokwenda." Ndivyo nilivyofika Arusha. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikuwa na tabia ya kufuata chochote nisichokielewa. Kesho yake nilifuata kundi la ng'ombe waliokuwa wakiswagwa barabarani, nione wanaishia wapi. Waliishia machinjioni.

Getini alisimama mzee wa Kichaga mwenye koti jeupe na buti za mpira. Wote walimwita Bwana Mkaguzi.

"Wewe kijana, ni Mwislamu?"

"Ndiyo. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshawahi kuchinja?"

"Kuku. Na mbuzi, siku ya Idi."

Wenye bucha wakacheka. "Haya, njoo," mmoja akasema, "leo kuku wako ana pembe!"

Kwetu, hata mwenye bucha akiwa Mlutheri, anayechinja huwa Mwislamu, ili kila mteja ale bila wasiwasi. Mchinjaji wa pale alikuwa ameamka na homa, na ng'ombe walikuwa wanangoja. Nilipewa kisu kwa sababu ya dini yangu, na kisu hicho kilinilisha mpaka mkono ulipochoka.

Siku hiyohiyo nilimwona Naftali. Alikuwa kijana wa Kimeru kutoka mlimani, mwembamba, akiosha sakafu kwa mpira wa maji. Alikuwa ametangulia juzi tu. Tukapanga chumba kimoja Kimandolu, chenye kitanda kimoja, na kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia mjini, alichukua upande wa ukutani. Mimi nililala upande wa nje, ambako anayegeuka vibaya huanguka. Nilianguka mara nyingi. Yeye hakuanguka hata siku moja.

Kilichonivutia pale hakikuwa kuchinja, bali kile alichokifanya Bwana Mkaguzi baada yangu. Alikuwa na visu viwili: kimoja mkononi, kingine kwenye maji yanayochemka. Akikuta ugonjwa, alibadilisha, asiupeleke kwa ng'ombe wa pili. Alipapasa mapafu kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya mto wa kulalia, kisha akapasua tezi, vile vinundu vilivyojificha kooni, katikati ya mapafu na karibu na ini. Kifua kikuu cha ng'ombe hujificha humo. Tezi nzima hukatika laini, lakini yenye ugonjwa ina usaha mkavu wa manjano, na kisu kinakwaruza kama kimekuta mchanga.

"Usiangalie tu," alituambia. "Sikiliza kisu."

Ninyi mnaonunua nyama leo mnaona rangi ya muhuri kwenye paja na hamjiulizi. Muhuri ule ni sheria. Sheria ya nchi inasema nyama isiyokaguliwa haiuzwi, na ugonjwa ule ukionekana lazima utolewe taarifa. Ukiwa sehemu moja, sehemu hiyo hukatwa na kutupwa. Ukiwa umesambaa, ng'ombe mzima anafukiwa au kuchomwa moto, mwenye mali alie asilie. Na mtu akiamriwa kumtoa ng'ombe wake apimwe, hana ruhusa ya kumficha. Maana ugonjwa huu haukai kwa ng'ombe. Unapita kwenye maziwa mabichi na kuingia kwa watu.

Siku moja nilimwomba Bwana Mkaguzi anifundishe kushika kile kisu cha pili.

"Juma, una cheti cha kidato cha nne?"

"Sina."

"Basi sheria haikujui. Inamjua mwenye cheti."

Naftali alikuwa nacho. Kilikuwa chini ya godoro tulilolalia, upande wa ukutani. Bwana Mkaguzi alimwandikia barua ya kwenda chuo cha mifugo, na mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka stendi. Alinipungia mkono dirishani, nikampungia. Gari lilipokata kona nilitema mate chini.

Sikukaa. Nilikwenda Mirerani kuchimba madini, nikaenda Namanga kubeba mizigo, nikachinja kwenye machinjio madogo upande wa Kisongo chini ya Daktari wa Mifugo, mama mmoja mkali aliyewafukuza wenye bucha kwa fimbo yake ya kuswagia. Kila penye machinjio nilimuuliza mkaguzi maswali mpaka akachoka. Niliporudi mjini Bwana Mkaguzi alikuwa amestaafu, na getini alisimama Naftali, koti jeupe, muhuri mkononi.

"Juma! Kaka yangu!"

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi," nikamwambia. Wafanyakazi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Tuseme ukweli, alikuwa hodari. Ningefurahi kama angekuwa mzembe. Nilimvizia miaka, nikingoja apitishe pafu bovu, hakupitisha hata moja. Wenye bucha walimletea soda, akawarudishia. Hata buti zake zilikaa safi kwenye sakafu ileile iliyonichafua mimi mpaka magotini.

Mimi nilihamia Moshono, kwa mjane aliyeitwa Mama Neema. Alinipangisha chumba, na nyuma ya nyumba alikuwa na banda tupu. Nikanunua ng'ombe chotara wa maziwa, nikampa jina la Tausi. Nilikuwa sijawahi kumiliki kitu kisichoweza kubebwa mgongoni. Asubuhi nilikamua, Mama Neema akanywa kikombe chake hapohapo bandani, maziwa yenye joto la ng'ombe. Wakati huo mimi nilikuwa namwangalia yeye na siyo kikombe. Nilianza kufikiri kwamba huenda safari zangu zimekwisha.

Kisha ikaja amri ya kupima kifua kikuu kwa ng'ombe wa kata yetu, na aliyekuja ni Naftali. Alinyoa nywele sehemu mbili shingoni mwa Tausi, akapima unene wa ngozi kwa kifaa cha chuma kama koleo, akachoma sindano. Baada ya siku tatu alirudi. Palipochomwa sindano palikuwa pamevimba, ndiyo alama ya ugonjwa; uvimbe ulionekana hata kwa macho, lakini alipima mara mbili.

"Juma, huyu lazima achinjwe."

"Unanionea."

"Sheria..."

"Sheria ni wewe! Chuo ni chako, muhuri ni wako, na ukuta ulikuwa wako. Sasa umekuja kuchukua na ng'ombe?"

Alikuwa anamtazama Mama Neema, na nilipoona anamtazama damu ilinipanda. Lakini alikuwa anatazama shingo yake, chini ya khanga.

"Mama, huo uvimbe una muda gani?"

"Tezi tu. Ni za baridi."

"Kesho nenda hospitali. Waambie unakunywa maziwa mabichi. Ukisahau, nitawaambia mimi."

Tausi nilimchinja mwenyewe. Naftali aliniambia nimwachie mwenzangu, nikamjibu kwamba ni wangu. Kisha nikasimama karibu naye wakati anafungua kifua. Niliomba moyoni kisu kipite laini. Niliomba akosee, walau mara moja katika maisha yake, mbele yangu.

Kisu kilikwaruza.

Alikata tezi ya pili, kikakwaruza. Akakata ya ini. Nyama yote ilifukiwa siku hiyohiyo, muhuri haukuigusa. Hospitalini nako walimkuta Mama Neema na ugonjwa uleule kwenye tezi za shingo. Alimeza dawa miezi sita. Katika miezi hiyo Naftali alipita kumuuliza hali, kila wiki, na buti zake safi. Shingo ilipona. Mwaka uliofuata Naftali alimuoa.

Watu husema ningepaswa kumshukuru kwa kumwokoa. Ninashukuru kwamba yule mama yu hai. Kwamba aliyemwokoa ni yeye na si mimi, hilo linanichoma mpaka leo ninapoandika.

Mwaka huu mkono wangu ulianza kutetemeka, na mchinjaji anayetetemeka anamtesa mnyama. Niliweka kisu chini. Naftali bado yuko kazini, sasa ni afisa wa wilaya. Mimi nilitoka asubuhi bila mpango, nikafuata barabara inayozunguka Mlima Meru, na jioni nikashuka Ngarenanyuki, mahali ambapo sikuwahi kulala. Mzee mmoja mwenye shamba la nyanya alinipa chumba.

"Ulikuwa unafanya kazi gani, ndugu yangu?"

"Ya nyama," nikasema. "Ukaguzi."

Neno lilitoka lenyewe, na lilikuwa tamu.

"Ah, basi Mungu amekuleta! Nina ng'ombe anakohoa. Njoo umwone, uniambie kama ni mzima."

Bandani wajukuu wake walikuwa wanasubiri maziwa, vikombe mkononi. Ng'ombe alikohoa. Nilimpapasa mbele ya bega, nikakuta uvimbe mkubwa kama ndimu. Mzee alinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kutazamwa nayo.

"Chemsheni kwanza hayo maziwa," nikawaambia watoto. Kisha nikatoa simu, nikampigia Naftali.

"Juma! Uko wapi tena?"

"Ngarenanyuki. Kuna ng'ombe anakohoa."

"Umempapasa?"

"Sina mamlaka."

"Nimekuuliza kama umempapasa, mtu wewe."

"Bega la kushoto. Ndimu nzima."

"Nakuja keshokutwa kumpima." Nyuma yake nikasikia sauti ya Mama Neema: "Muulize kama amekula."

"Mwambie nimekula," nikasema, nikakata.

Mzee akauliza, "Huyo anayekuja ni nani?"

"Mkaguzi," nikamjibu. "Mimi nilikuwa mchinjaji."

Hakunifukuza. Alinionyesha chumba, kidogo, chenye kitanda kimoja kilichosukumwa pembeni. Nikavua viatu na kulala upande wa ukutani.