Magesa Alipoitika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Musoma, Muuguzi Mkuu aliniamuru nivue viatu mlangoni. Mchana kweupe, chumba kilikuwa na mapazia meusi. Akaninong'oneza, "Humu ukiangusha kijiko unaweza kuua mtu." Nilidhani ananitania kwa ugeni wangu.

Ndani alilala mgonjwa wa pepopunda. Ninyi vijana mliochanjwa mnalisikia jina tu, basi niwaeleze. Ukishika sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujafikiri; amri hiyo hutoka kwenye uti wa mgongo. Humo neva huzungumza kwa kemikali. Zipo zinazochochea misuli ikaze, na zipo zinazoizuia, kama glisini na GABA. Sumu ya pepopunda huzifungia hizo za kuzuia zisitoke. Kikohozi cha jirani kinatosha mwili mzima kujipinda.

Nilihamishiwa Bunda, kisha Butiama. Huko aliletwa Magesa, mchunga ng'ombe aliyekanyaga msumari. Mama yake alimwita "baba", kwa kuwa alirithi jina la babu mzaa mama. Katika ukoo wao, mgonjwa mahututi huitwa kwa sauti jina alilorithi, ili mwenye jina amrudishe. Mama akaita. Mgongo wa Magesa ukainuka kitandani, meno yakatoka nje, uso ukawa unacheka.

"Ameitika," mama alisema. "Baba alikuwaga anacheka hivyo hivyo."

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Pumzi ya Magesa ikakatika, midomo ikageuka rangi.

Mganga Mfawidhi, daktari msimamizi wetu, alimtoa mama nje taratibu, akamweleza kwamba kila akiita, kifua cha mwanawe kinabanwa, na safari moja zaidi ingemmaliza. Tukampa Magesa dawa ya kuipinga sumu, na diazepamu ya kuipa nguvu GABA iliyobaki. Mama akakaa mlangoni wiki baada ya wiki, hamgusi, hamwiti, mpaka misuli ikalegea. Nilimwonea huruma kuliko mgonjwa.

Sasa nimestaafu, naishi Bweri, na ukimya wa nyumba yangu siupendi hata kidogo. Majuzi Magesa alikuja kunisalimu, tukamzungumzia marehemu mama yake. Pepopunda haiondoi fahamu, kwa hiyo nilimuuliza anakumbuka nini cha siku zile.

"Mama akiniita nilikuwa naumia sana, Sista, ila nilijua nipo. Mlivyomnyamazisha, nikajua nimeshazikwa."