Poda Iliyomwagwa Mapema

Kavuo Eliane alikuwa mwaka wa mwisho wa sayansi za afya katika chuo kikuu cha serikali pale Butembo, na alikuwa mwaka huo wa mwisho kwa mara ya pili. Ya tatu hakuna. Asipopita safari hii atafunga mizigo, arudi Masereka kulima viazi, na diploma ataisikia kwa wenzake.

Kilichomwangusha mara ya kwanza ni ukaidi wa kutaka kuonekana daktari kabla ya wakati. Utafiti wake ulihusu akina mama wa Mangina: kwa nini hawarudi kituo cha afya wakishajifungua? Basi msichana wa watu akaenda huko na blouse nyeupe, koti la daktari, iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, akapita nyumba kwa nyumba. Unarudi kituoni? Ndiyo. Wanakupokea vizuri? Ndiyo. Una shida yoyote? Ndiyo. Yeye akaandika yote, akashukuru, akaondoka anajisifu moyoni. Siku ya kutetea kazi yake, Profesa Syauswa, mkubwa wa jury ya watahini, alivua miwani.

"Bote, mademoiselle? Hakuna hata mumoja mwenye alisema hapana?"

Kavuo alipekua karatasi zake, zote ndiyo. Wakamrudisha mwaka.

Mashambulizi ya barabara ya Beni yalipotulia kidogo, alipanda tena kwenda Mangina. Blouse aliiacha Butembo. Alimkuta Virginie, mama wa watoto wanne aliyemjibu ndiyo nyingi kuliko wote, anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Kavuo hakuuliza kitu. Alipokea mchi, akatwanga mpaka viganja vikamwaka, na Virginie akamtazama, akamtazama, halafu akapiga makofi.

"Kumbe ni weye wa ile blouse! Wakati ya Ebola, batu ya nguo nyeupe balikuwa banakuja hapa kila siku. Ukisema hapana, kesho banarudi bengi. Ukisema ndiyo, banaenda. Donc sisi tulikusemea ndiyo ili uende!"

Kavuo alicheka hadi akaegemea mchi. Aibu nayo ilimshika, maana alikuwa amefukuzwa kwa heshima na karibu mji mzima na hakujua. Kuanzia hapo maneno yalimiminika: hofu ya kupimwa joto mbele ya watu, hofu ya kuzuiliwa usirudi nyumbani, waume wanaokataa. Hapana zilikuwa tele. Zilikuwa zinangoja mtu wa kukaa nazo tu.

Siku ya kutetea tena, mama yake, Marie-Jeanne, alishuka kutoka Masereka na kopo la poda kwenye kikapu. Kwao anayefaulu humwagiwa poda kichwani, hilo kila mtu anajua. Ila Mama Marie-Jeanne hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, na hakuna aliyefikiri kumweleza kwamba mwanafunzi akimaliza kujibu hutolewa nje kwanza, jury ibaki inashauriana.

Kavuo alijibu vizuri. Alipofika kwenye hadithi ya mchi na sombe, hata Profesa Syauswa alishindwa kuficha meno. Wakamwambia atoke, angoje. Akatoka anapumua, uso umefunguka, na kabla hajafika ngazi mama yake alimmwagia kopo zima kichwani, vigelegele juu.

"Mama! Jury haiyasema kitu!"

Wenzake waliokuwa uani wakageuka kutazama. Marie-Jeanne akashusha kopo. Kavuo alijipangusa kwa mikono miwili na poda ikazidi tu kuenea, na kabla hajapata maji wakamwita ndani. Aliingia mweupe kutoka nywele hadi viatu. Sasa kama ni kuanguka, ataanguka akiwa amepambwa, na chuo kizima kitasimulia.

Profesa Syauswa alivua tena miwani.

"Nani ametangaza matokeo mbele siye tuseme?"

"Ni miye, Papa Professeur," Marie-Jeanne akajibu kutoka mlangoni. "Munisamehe. Mwaka jana huyu mutoto aliingia mu jiko yangu analia, hata chakula alikuwa anakatala. Leo ametoka hapa anacheka. Miye nikaona ile yenye nilikuwa nangojea imeisha kufika. Ile ya kwenu, museme tu."

Hakuna aliyecheka. Profesa alishusha macho kwenye meza, akakohoa, akavaa miwani yake.

"Ya kwetu ni sawa na ya kwako, Mama. Amepita. Tena na distinction."

Kavuo alikaa chini palepale sakafuni mbele ya jury, akalia kwa sauti kama mtoto, raha tupu. Mwaka mzima wa woga ulimtoka kwa mara moja. Marie-Jeanne aliingia bila kuomba ruhusa, akasema "wasingya", asante ya kwao, kwa kila profesa, mmoja baada ya mwingine, halafu akamshika bintiye mkono amwinue.

"Acha kulia, mama. Unaiharibu, na poda ingine hakuna."