Mkweche Uliomtoa Mama Barazani

Kabla sijanunua gari, mama yangu alikuwa amekaa barazani zaidi ya mwaka. Asubuhi alitoka chumbani akishika ukuta, akafika mlangoni, akajishusha kwenye kiti, na siku yake ikaishia hapo hapo mbele ya nyumba yetu ya Magomeni. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Daladala hakuweza kupanda tena. Bajaji ilimfikisha kliniki, lakini kila ilipoingia kwenye shimo alinibana mkono, na tukirudi alilala akiwa amegeukia ukutani.

Waliopita njiani aliwasalimia wote, kisha akawauliza wanaenda wapi. Haukuwa umbea. Alitaka tu kusikia majina ya sehemu. Mama ni mtu wa kusini, kutoka ndani huko Newala. Alikuja Dar akiwa binti aliyeolewa juzi tu, na baba alipofariki alitulea mimi na mdogo wangu wa kiume kwa kuuza korosho za kukaanga Kariakoo. Mji huu aliutembea kwa miguu, ungo kichwani, kutoka Ilala mpaka Posta. Sasa mtu huyo huyo alikuwa anamuuliza muuza maji kama Buguruni siku hizi kuna foleni. Iliniuma kumsikia.

Mimi nami riziki yangu iko Kariakoo. Nina fremu ndogo ya kuuzia mapazia, na kwa miaka kadhaa nilikuwa najibana ili ninunue gari. Nilijua kabisa ninalolitaka: jeupe, la juu, lenye vioo vyeusi, kama yale ya wenzangu wa sokoni waliotangulia kununua. Mdogo wangu anayajua magari kuliko mimi, na siku moja aliomba moja la aina hiyo kwenye yadi ya magari, akalileta nyumbani ili tulijaribu, ingawa pesa yangu ilikuwa haijatimia. Majirani walitoka kuliangalia. Lilikuwa linang'aa mpaka unajiona.

Tukamwinua mama, tukamfikisha mlangoni mwa gari. Akashika mlango, akainua mguu wa kulia, na mguu ukaishia chini kabisa ya pale unapotakiwa kukanyaga. Akajaribu wa kushoto. Mdogo wangu akasema, "Mama, wewe jiachie, sisi tutakunyanyua." Tukamshika makwapani, tukamsukuma kidogo, gauni likanasa, na mbele ya watu wote wale mama akaanza kucheka. Alicheka kwa muda, kisha akatuomba tumrudishe kwenye kiti. Alipokwisha kukaa vizuri akanishukuru kwa upole, kama mtu anayerudisha zawadi.

"Gari zuri sana mwanangu," alisema. "Nunua tu. Mimi nitakuwa nakupungia mkono ukitoka."

Kesho yake kazini mikono yangu ilikuwa inakunja mapazia, mawazo yakiwa kwingine. Mkabala na fremu yangu kuna duka la viungo la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Uarabuni, yeye mwenyewe akazaliwa ghorofani juu ya duka hilo hilo. Nilimwita baba, naye aliniita binti yangu, na tulikuwa tukipelekeana chai tangu nilipopanga pale. Aliniuliza kulikoni, nikamweleza habari ya jana. Akawa anachambua iliki kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yameanza kumtupa. Presha ya macho, walimwambia hospitali, na walikuwa wamemkataza kuendesha.

"Mpandishe kwenye langu," akasema.

Gari lake nililijua. Nani asiyelijua mtaa ule? Lilikuwa dogo, la milango minne, rangi ya chai ya maziwa, pua ndefu na buti la pembe nne, mtindo uliopitwa na wakati kabla hata sijamaliza shule. Vioo vilikuwa vya kuzungusha kwa mkono. Redio ilikuwa ya kaseti na haikuimba. Wanawe, ambao kila mmoja alikuwa na gari la maana, walikuwa wanamshawishi aliuze kwa mafundi likatwe spea, waipate nafasi ya kuegesha. Yeye hakutaka. Aliniambia kwamba injini ile haijawahi kufunguliwa, na kwamba kulikata gari zima kama lile ni sawa na kuchinja ng'ombe anayekamuliwa.

Nilikubali kwa heshima tu, maana ni mzee wangu. Mdogo wangu alilichukua mchana akaliendesha mpaka Magomeni, akiwa ameshusha kofia ili asijulikane. Majirani safari hii hawakutoka. Tukamwinua mama, tukamfikisha mlangoni. Kiti kilikuwa chini, sawa na urefu wa kiti chake cha barazani, na mlango ulifunguka mpaka mwisho. Mama akageuka, akatupa mgongo, akakaa. Basi. Hakuna aliyemshika. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akavuta ushungi wake ndani na kuniambia nifunge mlango.

Akavuta pumzi. Ndani kulinukia iliki na mdalasini, kutokana na miaka yote ambayo gari lile lilibeba magunia ya mzee.

"Hiki ni kiti," mama akasema. "Tunaenda wapi?"

Hatukuwa tumepanga kwenda popote. Mdogo wangu aliniangalia, mimi nikamwangalia, akawasha, tukazunguka mtaa wetu wote polepole hadi mama akatosheka.

Nililinunua wiki ile ile. Bei aliyoitaja mzee ilikuwa ya kirafiki kiasi kwamba nilimwomba airudie, nikidhani sijamsikia. Tatizo likabaki moja: lilikuwa gari la gia, na mimi shule ya udereva nilipita zamani, gia nikazisahau zote. Mzee akasema atanifundisha yeye. Nilistahi kumuuliza atanifundishaje na macho yale, lakini yeye alikuwa ameshajibu. Gari hili halitaki macho, alisema, linataka masikio.

Basi Jumapili asubuhi, kabla wauzaji hawajamwaga bidhaa barabarani na mitaa ya Kariakoo bado iko wazi, tulikuwa tunaanzia dukani kwake. Alikaa kando yangu, kanzu imekunjwa magotini, uso umeelekea mbele kama anayesikiliza taarifa ya habari. Mimi nikakanyaga mafuta, injini ikaanza kunung'unika, na yeye akasema kwa sauti ya chini, "Sasa." Nikabadilisha gia. Tukaenda. "Sasa." Nikabadilisha tena. Nilipokosea, gari likakoroma na kurukaruka, hakukemea. Aliipapasa dashibodi kana kwamba gari ndilo lililoonewa, halafu akaniambia tuanze upya. Siku nilipoendesha kutoka Msimbazi mpaka Ilala na kurudi bila yeye kufungua mdomo, nilielewa kwamba nimefaulu. Alishuka, akafunga mlango, akagonga paa mara moja, akaingia dukani.

Sokoni walinicheka, kwa mapenzi. Mama mmoja wa vyombo aliniuliza kama nimeamua kufungua makumbusho. Wengine wakaliita mkweche, na mimi nikaliita hivyo hivyo, jina likazoeleka. Lakini niligundua mambo ambayo sikuyatarajia. Mkweche haunipi presha. Toroli likiukwaruza, mwenye toroli anaomba radhi, tunasalimiana, anaendelea. Hakuna anayeuchungulia ndani akitafuta cha kuiba. Jirani mwenye gunia la mkaa anaomba lifti bila aibu, na muuguza mgonjwa anagonga dirishani kwangu kwanza, maana gari hilo halimtishi mtu. Fundi yeyote pale gereji anafungua boneti na kutabasamu, kama aliyekutana na mtu waliyesoma naye.

Safari ya kwanza ya mama ilikuwa Buguruni. Huko alikuwepo shoga yake wa ujana, mwanamke aliyepika vitumbua Kariakoo jirani na pale mama alipopanga korosho zake. Watoto wao walilelewa kwenye kivuli cha turubai moja, mimi nikiwa mmojawapo. Walikuwa wakiongea kwa simu, lakini yule bibi sukari ilimzidi, kisha masikio yakapungua, na simu ikawa kelele tupu kwa pande zote mbili. Wakaacha. Hawakuwa wameonana tangu magoti ya mama yalipoanza.

Nilipaki karibu kabisa na mlango wa nyumba. Mama akatelemka kinyume na alivyopanda, miguu kwanza, kisha mgongo. Shoga yake alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele. Aliinua uso, akatazama kwa muda, akashusha ungo chini.

"Umekuja na nani?" akauliza, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia.

"Na gari," mama akamjibu sikioni.

Wakashikana mikono na hawakuachiana mpaka adhuhuri. Hata sijui waliongea nini, maana nusu ilikuwa ni kutazamana na kugusana mabega. Tangu siku ile kila Jumapili ilikuwa ya Buguruni. Nilimshusha mama, nikaenda kwenye shughuli zangu, nikarudi kumchukua jioni akiwa amechoka kwa kucheka.

Siku moja, tukitoka Buguruni, mama akaomba tupite Kariakoo. Hakuwa ameiona miaka. Nilimwambia foleni itatuua, akasema yeye hana haraka. Basi tukaingia, na katikati ya Msimbazi, mbele ya mabasi na pikipiki na watu wanaovuka wanavyotaka, mkweche ukachemsha. Mvuke ulitoka kwenye boneti kama sufuria la ubwabwa. Honi zikaanza nyuma yetu. Nilitamani ardhi inimeze. Vijana waliokuwa wakisukuma mikokoteni waliacha mizigo yao, wakaja, wakalisukuma gari mpaka pembeni, mama akiwa ndani anawashukuru mmoja mmoja kupitia dirishani. Walipomwona ni mtu mzima wakaanza, "Shikamoo bibi," naye anaitikia, "Marahaba wanangu, marahaba," hadi nikaona anafurahia msafara wake.

Injini ilipokuwa inapoa nilisimama juani nikijipepea kwa mfuko wa plastiki. Nikageuka, nikaona mwanaume wa makamo mwenye sinia la korosho ameinama dirishani kwa mama. Mama alikuwa ametafuna moja na anamwambia moto ulikuwa mkali, umewahi kuziunguza nje kabla hazijaiva ndani. Yule mtu akauliza yeye amejuaje. Mama akamtajia kwao. Mwanaume akaweka sinia juu ya boneti lililokuwa bado la moto, akaliondoa haraka, akaliweka chini, na wakaanza kuongea Kimakonde. Nilikuwa nimesahau jinsi mama anavyoongea lugha ya kwao, kwa mikono yote, kichwa kikienda huku na huku. Wateja walikuja wakaondoka, muuza korosho hakuwasikia. Nilipomaliza kujaza maji kwenye rejeta na kuwasha, mama aliniomba nisubiri kidogo, mazungumzo hayajaisha.

Njiani kurudi Magomeni nilimwomba radhi kwa usumbufu. Aliniangalia kama nimesema kitu kwa lugha asiyoijua.

"Leo nimetembea Kariakoo," akasema.

Yule bibi wa Buguruni alifariki baada ya mfungo wa Ramadhani uliofuata. Simu ilikuja asubuhi, na ndani ya muda mfupi mama alikuwa ameshavaa, ameshika tasbihi, ananingoja. Tulifika mapema. Mabinti wa marehemu walimpokea kama mama yao mdogo, wakamwomba awe karibu wakati wa kuoshwa. Kwa magoti yale hakuweza kuinama, kwa hiyo wakamletea kiti, akakaa upande wa kichwani akishika bakuli la maji ya karafuu maiti. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimsikia akimwambia mwenzake maneno ya kuagana, taratibu, sikioni, kama alivyozoea kumwambia kila Jumapili.

Tukiwa garini mama hakulia. Alikaa akiangalia nje, kisha akasema, "Tulionana sana." Akarudia, "Mwisho huu tulionana sana."

Nililazimika kusimamisha gari kidogo. Nilikuwa nafikiria lile jeupe la juu. Kama ningeendelea kujibana ili nilipate, mpaka leo ningekuwa najibana, na Jumapili zote zile zingepita mama akiwauliza wapita njia habari za Buguruni. Sijui nimshukuru nani kwanza. Namshukuru Mungu, namshukuru mzee wa viungo aliyekataa kuuza kwa wakata spea, namshukuru hata mtu huko ng'ambo aliyechora kiti cha chini namna ile, bila kujua kwamba miaka mingi baadaye kuna bibi wa Kimakonde atakikalia.

Siku hizi mama ana ratiba kunizidi. Majirani zake wawili wenye miguu mibovu wamejiunga naye, na Jumamosi nawapeleka popote wanapotaja: msibani, harusini, au kuzunguka tu Ilala wakinunua samaki kupitia dirishani. Wiki hii mkweche uko gereji, fundi anabadilisha pampu ya maji. Alisema utakuwa tayari kesho. Nimempigia mara kadhaa, si kwa sababu nina haraka mimi, bali kwa sababu huku nyumbani kuna vikongwe watatu walioahidiana kwenda kumwona bwana harusi fulani na kila baada ya muda wananiuliza fundi amesemaje.