Mama Haiumi Ajipima Damu

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Haiumi, kwa sababu kabla ya kuchoma sindano alikuwa akisema "haiumi," na kweli, kwa wengi haikuuma. Miaka ishirini na miwili alikaa dirisha la tatu la maabara, akifunga mpira kwenye mikono ya watu, akipapasa kwa kidole kimoja, na kuipata mishipa ambayo wenzake walikuwa wameshaikatia tamaa. Watoto wachanga waliletwa kwake kutoka wodini. Wazee waliobaki ngozi na mifupa walikataa katakata dirisha jingine. "Tunamsubiri yule wa haiumi," walisema, na foleni yake ikawa ndefu kupita zote, huku wenzake wakijifanya kumwonea huruma.

Ilianza asubuhi moja nyumbani, kitana kilipomponyoka mkononi. Alipoinama kukiokota, vidole vikagoma kukunja. Vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na mikono yote miwili ilikuwa vile vile. Ilipofika saa nne vikalegea, akafanya kazi, akasahau. Kesho yake vikagoma tena. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Pete ya ndoa ikambana hadi sonara akaikata kwa msumeno mdogo.

"Ni umri," alisema mume wake, karani wa mahakama, mtu wa mafaili na mihuri. "Sisi si vijana tena."

Siku iliyomvunjia heshima ilikuwa Jumanne. Aliletewa mtoto wa miaka miwili, akamchoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne sindano ikamdondoka sakafuni. Baba wa mtoto hakupiga kelele. Aliomba kalamu na karatasi, akaiegemeza karatasi ukutani, akaandika malalamiko yake pale pale, mtoto akiwa analia begani.

Mkuu wa maabara alimwita ofisini. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, darasa moja.

"Dada, una nini?"

"Mikono. Asubuhi haikunji kabisa. Nadhani ni baridi yabisi."

"Unadhani? Wewe ni mtu wa maabara. Jipime."

Mwenzake wa dirisha la pili alimtoa damu. Mengine alifanya mwenyewe. Alizungusha kichupa kwenye mashine mpaka damu ikajitenga, akachukua tone la maji yake ya manjano, akaliweka juu ya kibao cheusi, akalichanganya na tone la dawa nyeupe kama maziwa. Kisha akaanza kukitikisa kibao taratibu, huku na huku, kwa dakika mbili. Kama kile kinachotafutwa kimo kwenye damu, maziwa hukatika, yakafanya chembechembe zinazoonekana kwa macho. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara elfu kadhaa. Siku ile viwiko vya mikono viliwaka moto, na dakika mbili zilikuwa ndefu.

Maziwa yalibaki maziwa. Akarudia. Yakabaki vile vile.

Alipima pia kasi ya damu kutuama. Ndani ya saa moja ile nyekundu ilikuwa imeshuka kwenye bomba la kioo kupita kiasi, mara tatu ya inavyotakiwa. Akampelekea mkuu.

"Hiyo hupanda hata kwa mafua, dada. Hata kwa jino bovu."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa akiwaambia wagonjwa hivyo hivyo. Akachukua karatasi ya majibu, akaandika HASI, akatia sahihi yake. Karatasi ikaingia kwenye faili, juu ya malalamiko ya yule baba, na wiki moja baadaye ikafuata barua ya onyo: uchunguzi haukuonyesha ugonjwa wowote, kwa hiyo makosa yametokana na uzembe.

Nyumbani mume aliisoma barua kwa sauti, kisha akaomba kuona nakala ya majibu.

"Hapa ametia sahihi nani?"

"Mimi."

"Basi tena."

Tangu siku hiyo, sufuria likikaa bila kusuguliwa, au maji ya chai yakimwagika mezani, hakumuuliza kitu. Alimpigia simu dada yake, akakaa ukumbini ambapo mke angemsikia vizuri. "Damu yake safi kuliko yangu. Ni uvivu tu umemwingia uzeeni."

Mama Haiumi alimeza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kumchoma, na foleni ya dirisha la tatu ikapungua mpaka ikawa fupi kuliko zote. Kilichomkosesha raha zaidi ya maumivu ni mwanamke mmoja, dobi wa hospitali ile ile, aliyekuwa akifua mashuka ya wodi. Miaka ya nyuma dobi yule alifika dirishani kwake mara tatu, na kila mara mikono yake ilikuwa imezidi kupinda, vidole vimekwenda upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Mara zote tatu maziwa hayakukatika. "Mama, huna kitu," alimwambia. "Damu yako ni nzuri. Ukapumzike." Baada ya mara ya tatu msimamizi wa ufuaji alimwachisha dobi kazi.

Miaka miwili na miezi kadhaa ilipita kabla Mama Haiumi hajaenda hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, ambako daktari wa viungo alikuja mara moja kwa mwezi. Alikuwa mwanamke mfupi, umri wa mdogo wake. Hakuomba karatasi. Alimshika mkono kana kwamba anamsalimia, akavibana vifundo vya vidole kutoka pembeni, na Mama Haiumi karibu aruke kitini.

"Tangu lini?"

"Zaidi ya miaka miwili."

"Na siku zote hizo ulikuwa wapi?"

"Maabara."

Daktari alidhani anataniwa. Ndipo Mama Haiumi akatoa karatasi yake kwenye mkoba. Daktari akaitazama mara moja tu, akairudisha.

"Kipimo hiki si kibaya. Lakini katika watu kumi wenye ugonjwa huu, wawili au watatu hakiwaoni. Na kuna wazima ambao kinawaita wagonjwa. Kinamsaidia daktari aliyekwisha kukushika mikono. Peke yake hakitoshi."

"Najua," alisema Mama Haiumi. "Tulifundishwa chuoni. Sote tulifundishwa."

Daktari aliagiza kipimo kingine, cha kutafuta kingamwili za aina nyingine zinazougeukia mwili wenyewe, ambacho maabara ya dirisha la tatu haikuwa nacho, na picha ya eksirei. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Kingamwili zilikuwa juu sana. Kwenye picha, kingo za mifupa ya vidole zilikuwa zimemong'onyoka.

"Kilicholiwa hakirudi," daktari alimwambia. "Tutazuia kilichobaki."

Akaandikiwa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, na kupimwa damu kila mwezi ili ini lisiharibiwe na dawa. Sasa akakaa upande wa pili wa dirisha, mkono juu ya mto, mwenzake akimchoma mara mbili ndipo apate mshipa.

Mkuu wa maabara aliyasoma majibu mapya akiwa amesimama.

"Pole sana, dada. Basi sasa tunajua."

"Naomba ile barua ya onyo itolewe."

"Faili halitolewi karatasi. Huongezwa tu."

Akaiongeza. Mama Haiumi akahamishiwa chumba cha kumbukumbu, kuteremsha mafaili kutoka rafu za juu kwa mikono ile ile. Miezi sita baadaye akastaafishwa kwa sababu za kiafya. Wenzake walimuaga kwa seti ya vikombe vya kauri, vizuri sana, vyenye vishikio vyembamba ambavyo kidole chake hakikuweza kupenya.

Siku za kwanza za kukaa nyumbani alimtafuta dobi. Alimkuta nyuma ya gereji, kwenye chumba anachoishi na binti yake, amekaa mlangoni, mikono mapajani.

"Wewe ni yule wa haiumi," alisema dobi.

"Ndiyo, mama. Nimekuja kukuambia kwamba kile kipimo kilikosea. Inawezekana ulikuwa mgonjwa kweli. Kuna daktari, nitakupeleka mwenyewe."

Dobi alimtazama mikono kwanza, kisha uso.

"Kuumwa nilikuwa nakujua, nilikuwa naumwa mimi. Sikuja kwako nijue. Nilikuja uniandikie, msimamizi aamini."

"Nisingeweza kuandika kisichoonekana kwenye damu."

"Kwenye damu, sawa. Na mikono hii hukuiona? Uliifunga mpira mara tatu."

Mama Haiumi alimwachia binti jina la hospitali na siku ya daktari, akaaga. Mwezi uliofuata binti alimleta mama yake kwa daktari. Dobi alikaa benchi la mwisho, hakumsalimia Mama Haiumi. Dawa zilimpunguzia uvimbe. Vidole vilibaki vilivyopinda.

Mume naye alibadilika kwa namna yake. Kila asubuhi humfunga vifungo vya blauzi bila kuombwa. Wageni wakija huwaelezea yeye. "Ugonjwa ulijificha kwenye damu," husema, "hata vipimo viliukosa. Tumehangaika mno." Wageni humpa pole yeye.

Asubuhi moja, alipokuwa kwenye kifungo cha tatu, mke alimuuliza, "Unakumbuka ulivyokuwa ukimwambia dada yako kwenye simu?"

"Nilimwambia nini?"

Alimtazama usoni. Hakuwa akijifanya, alikuwa amesahau kweli.

"Hakuna," alisema.

Mume akaendelea na kifungo cha nne.