Gunia Hupimwa kwa Mkono

Mwanangu, ile siku ya kwanza kutumwa peke yangu sokoni Kimilili naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka najikasirikia. Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Mama mkwe, aliyekuwa akiuza nafaka hapa mtaani Tuwan, alinituma magunia sita ya mahindi. Nikavaa sweta langu jeupe la kwaya. Muuzaji akafungua gunia, juu mahindi yanang'aa kama meno ya mtoto. Nikatingisha kichwa kama mtu anayejua, nikasema pakia. Mkono sikuingiza. Sikutaka kuchafua sweta.

 Nyumbani mama mkwe alikunja mkono wa gauni, akausukuma mkono ndani ya gunia. Mahindi makavu hukubali mkono mpaka kiwiko. Wake ulikwama kabla hata ya nusu. Akamwaga yote uani: ya chini yalikuwa na joto, yameota kuvu.

"Sasa hii tutauzia nani?" akaniuliza. "Nitajie mama mmoja hapa Tuwan unayemchukia hivyo."

 Yote yalifukiwa, na shimo nilichimba mimi, nikiwa na lile sweta. Alinikataza kulivua.

Nakuambia haya kwa sababu wiki iliyopita mjukuu wangu Nekesa alikuja kutoka Bungoma, anakosomea biashara chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Kabla ya hapo alitakiwa akae katika duka langu la nafaka miezi mitatu ajifunze kazi. Alikaa siku mbili, ati vumbi linampigisha chafya, akaenda zake. Wiki hiyo iliyopita ndiyo alirudi na kitabu cha mafunzo kimeshajazwa, nitie sahihi tu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma, polepole. Nikakuta ameandika, "Nimejifunza kutambua mahindi makavu."

Nikamwonyesha gunia, nikamwambia aingize mkono. Akaangalia kucha zake, zile ndefu za kubandika.

"Kukhu, nyanya yangu, si usaini tu? Darasa letu wote wamefanya hivyo."

Hapo nikapandwa na hasira, na bado haijashuka. Darasa zima! Yaani hao ndio watapewa maghala ya watu kesho, na hakuna aliyeshika punje. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Sikusaini. Kitabu kiko hapa juu ya mizani. Bila hicho hatavaa joho mwaka huu, najua, na mama yake amenipigia simu mara tatu. Apige ya nne.

Nawe mwanangu, unayesoma biashara kama yeye, nisikie. Ya darasani ni mazuri, yashike. Lakini nenda mashambani Kabuchai uone mahindi yakianikwa, beba debe, uma punje usikie kama inalia ka! kwa ukavu. Kosea sasa, mbele ya mtu wa kukugombeza. Na usimwombe mzee aandike kwamba unajua kitu hujakigusa, maana hayo mahindi kuna mtoto wa mtu atayala.

Jana Nekesa alituma ujumbe: anakuja Jumatatu, kucha ameshatoa. Nimemwekea gunia moja lenye mabichi chini. Sijamwambia.

Nawe, mwanangu, Mungu akupe mkono usioogopa vumbi, na akuwekee karibu mtu wa kukukataza kuvua sweta.